Magari ya wakulima ya miaka ya 70 yaliuawa na upweke, si uzee

MKULIMA mmoja wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, alinipigia simu mwezi uliopita akiwa na swali fupi. Alikuwa amepata pikapu ya mwaka 1976. Inatembea, bodi haijaoza, na mwenye nayo anataka Sh5 milioni tu.

“Kijana wangu, wewe umesomea mambo haya ya hesabu. Nichukue au niache?” aliuliza.

Nikamuuliza ni gari la aina gani. Alitaja jina ambalo sikuwahi kulisikia, na akaongeza kuwa hata fundi wake hajawahi kuona jingine kama hilo. Alilisema kwa fahari, kama mtu aliyeokota kito. Mimi nikanyamaza.

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki moja. Makala haya ndiyo jibu lake, na ni jibu kwa kila mkulima na mfanyabiashara mdogo ambaye msimu huu anapiga hesabu ya kuwa na usafiri wake mwenyewe.

Nilinyamaza kwa sababu nimelelewa na gari la namna hiyo. Katikati ya miaka ya 90, baba yangu alichukua fedha za kahawa za misimu mitatu, pale kwetu Mbozi, akanunua pikapu kongwe ya miaka ya 70. Aina yake siitaji, kwa kuwa kosa halikuwa la gari. Lilibeba kahawa, mbolea, wagonjwa na maharusi kwa miaka miwili. Kisha klachi ikafa.

Spea ilitafutwa Mbeya, haikupatikana. Ikatafutwa Dar es Salaam, ikakosekana. Fundi akajaribu kuchonga ya gari jingine, ikakaa wiki moja ikakatika. Gari likawekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba na kuku wakaanza kutagia kwenye kiti cha dereva. Msimu uliofuata baba alikodi lori kwa bei aliyopangiwa na mwenye lori, na dada yangu akakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninaposema magari adimu ya miaka ya 70, sizungumzii starehe za matajiri wanaokusanya magari ya zamani na kuyang’arisha kwa nta. Nazungumzia mtaji wa mkulima.

Magari yaliyozaliwa kwa ajili ya shamba

Wengi hawajui kwamba miaka ya 70 ndiyo miaka ambayo kampuni kubwa za magari duniani zilikaa chini na kumfikiria mkulima wa nchi maskini. Yalitengenezwa magari mengi mepesi na ya bei nafuu, yenye bodi ya mabati ya kukunja, yasiyo na urembo, ili nchi isiyo na kiwanda kikubwa iweze kuyaunganisha yenyewe. Leo karibu yote yamesahauliwa. Hata wapenzi wa magari ya zamani wanayapita, kwa kuwa hayana umbo la kupendeza wala historia ya mashindano.

Chukua mfano wa Mexico. Volkswagen ilitengeneza huko, katika nusu ya pili ya miaka ya 70, kigari cha mizigo kilichoitwa Hormiga, neno la Kihispania lenye maana ya chungu, yule mdudu anayebeba mzigo. Kilikuwa kama sanduku lenye magurudumu. Injini ilikuwa ile ya kupozwa kwa hewa, ya ukoo wa Volkswagen ya mgongo wa kobe, lakini safari hii iliwekwa mbele na kuendesha magurudumu ya mbele. Kilibeba tani moja. Vifaa vyake vilipelekwa pia nchi nyingine, ikiwemo Indonesia, viunganishwe huko. Kwa jumla vilitoka elfu sita na kitu tu, kisha mradi ukafa.

General Motors nao walikuwa na mpango wao. Walichukua injini na vifaa vya gari dogo la Uingereza, Vauxhall Viva, wakavifunga kwenye chesisi rahisi, na kila nchi ikatengeneza bodi na kulipa gari jina lake. Malaysia likaitwa Harimau, yaani chui milia. Ufilipino likaitwa Harabas. Nicaragua likawa Pinolero na Honduras likawa Compadre. Majina matamu, lakini leo ukitaka kuliona moja likitembea utatafuta sana.

Ford walipeleka Ufilipino gari lililoitwa Fiera mwaka 1972. Hili lilipendwa. Wakulima na wenye maduka walilitumia kubeba mazao asubuhi na abiria jioni. Lakini uchumi wa nchi hiyo ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 80, Ford walifunga shughuli zao huko mwaka 1984 na Fiera likaondoka nao.

Wafaransa wa Citroën walikuwa na njia yao. Walitumia injini ya mitungi miwili na mitambo ya gari lao dogo la 2CV, wakaiwekea bodi ya bati lililokunjwa na kukazwa kwa bolti. Huko Vietnam ya Kusini lilitoka La Dalat mwaka 1970, likianza na vifaa vya ndani ya nchi asilimia 25 na kufikia asilimia 40 mwaka 1975, vita ilipomalizika na uzalishaji kusimama. Ugiriki lilitoka Pony mwaka 1974. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 70 likaja FAF, lililokusudiwa hasa Afrika na kuunganishwa katika nchi kadhaa, zikiwemo Senegal na Guinea-Bissau. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kifaransa yanayomaanisha “rahisi kutengeneza, rahisi kugharamia.”

Rahisi kutengeneza, rahisi kugharamia. Mkulima angetaka nini zaidi? Hata hivyo, FAF halikumaliza hata nusu ya miaka ya 80.

Kwa nini yalikufa?

Kwa mtazamo wangu, sababu ni tatu, na zote zinamhusu mnunuzi wa leo.

Kwanza, urahisi wa bodi si urahisi wa gari. Bati unaweza kulikunja popote penye nyundo na fundi. Lakini injini, giaboksi, klachi na breki ziliendelea kuagizwa kwa fedha za kigeni. Bei ya mafuta ilipopanda karibu mara nne kati ya mwishoni mwa mwaka 1973 na mwanzoni mwa 1974, na kupanda tena mwaka 1979, nchi nyingi maskini zilibaki bila fedha za kigeni. Gari la kuunganisha nyumbani likakosa moyo wa kuunganisha.

Pili, idadi. Gari likiwa elfu chache, tena limetawanyika nchi kumi, hakuna mfanyabiashara wa spea atakayelaza mtaji wake kwa ajili yake. Nanyi wenye maduka mnalijua hili kuliko mimi. Bidhaa inayouliziwa mara mbili kwa mwaka haikai rafu ya mbele. Mara nyingi haikai dukani kabisa. Bila spea mafundi hawajifunzi, na bila mafundi wanunuzi wanakimbia. Ni mduara unaojikaza kama kitanzi.

Tatu, kodi. Hapa Pony la Ugiriki linafundisha. Liliuzwa zaidi ya magari 16,000, idadi kubwa kuliko ndugu zake wengi, na moja ya sababu ni kwamba lilihesabiwa kuwa gari la kazi na kutozwa kodi ndogo. Ugiriki ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1981 na unafuu ule kuondoka, gari halikuwa na mguu mwingine wa kusimamia. Uzalishaji ulikoma mwaka 1983.

Kuna na sababu ya nne inayoeleza kwa nini yamekuwa adimu kiasi hiki. Yalifanya kazi mpaka yakaisha. Gari la fahari hufunikwa turubai na kutolewa Jumapili. Gari la mkulima hufa barabarani na gunia mgongoni, na mabaki yake huuzwa kwa kilo.

Ukoo mmoja uliopona

Katika kundi hilo kuna ukoo mmoja ulioponea chupuchupu na baadaye ukanawiri. Mwaka 1976 Toyota walianza kuuza Ufilipino gari la kazi lililoitwa Tamaraw, jina la nyati mdogo wa huko. Mwaka uliofuata, 1977, ndugu yake akazinduliwa Jakarta, Indonesia, kwa jina la Kijang, yaani paa.

Kijang la kwanza halikuwa zuri kuliko Hormiga au FAF. Lilikuwa na umbo la boksi, na Waindonesia wenyewe walilitania kwa kuliita “mamba” kutokana na boneti lake lilivyofunguka kama kinywa.

Tofauti ilikuwa chini ya boneti hilo. Injini yake ya cc 1,166 ilikuwa ya aina ya K, ile ile iliyofungwa kwenye Corolla za wakati ule. Gari lilikuwa geni lakini injini ilikuwa na ndugu kila mtaa. Aliyejua kutengeneza Corolla alijua kutengeneza Kijang tangu siku ya kwanza, na mwenye duka hakuhitaji mtaji mpya wa spea.

Tofauti ya pili ni kwamba gari liliweza kuuzwa likiwa chesisi na kichwa tu. Nyuma ya hapo kazi ilikuwa ya karakana za bodi za mitaani, ambazo Waindonesia huziita karoseri. Mwenye kuku aliwekewa bodi ya kuku, mwenye matofali ya matofali, mwenye abiria ya abiria. Fedha nyingi ya bodi ikabaki kwa mafundi wa mjini kwao.

Tofauti ya tatu ni serikali. Indonesia iliyapa magari rahisi ya biashara unafuu wa kodi, huku ikizuia magari yaliyokamilika yasiingie na kuwasukuma watengenezaji waongeze vifaa vya nyumbani hatua kwa hatua. Kijang lilianza na sehemu ndogo tu ya vifaa vya Indonesia. Baada ya miaka isiyofika ishirini ilikuwa imepita nusu.

Matokeo yake? Magari ya ukoo huo yameuzwa zaidi ya milioni moja, na Innova tunayoiona leo ni mjukuu wake. Novemba 2023 Toyota walitoa Thailand gari jipya la kazi, Hilux Champ, lenye sakafu tambarare na matundu ya bolti yaliyotobolewa tayari ili fundi wa mtaani afunge bodi aitakayo. Desemba 2024 gari hilo likaingia Ufilipino kwa jina la zamani, Tamaraw. Wazo la miaka ya 70 limerudi sokoni baada ya karibu nusu karne.

Ukongwe si ugonjwa

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, mbona Land Rover za miaka ya 70 bado zinapanda milima? Mbona Peugeot 504 imelisha familia ngapi Afrika Mashariki?

Ni kweli kabisa, na hiyo ndiyo hoja yangu. Peugeot 504 ilitoka mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na zilitengenezwa zaidi ya milioni tatu. Nigeria iliendelea kuziunganisha mpaka katikati ya miaka ya 2000. Fundi wa 504 alimfundisha mwanawe, naye akamfundisha mpwa wake. Gari lile lilizeeka likiwa na jamaa.

Kinachoua ni upweke. Gari la mwaka 1976 lenye ndugu elfu moja mkoani linaweza kuwa na maisha marefu kuliko la mwaka 2012 ambalo mkoa mzima liko peke yake. Kwa hiyo onyo hili linawahusu pia wanaovutwa na magari ya kisasa ya aina ngeni, yanayouzwa rahisi bandarini kwa sababu wenyeji wa mji wanayaogopa. Rahisi mara nyingi huwa ghali.

Tuweke kwenye daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufungue daftari. Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake.

Tuseme gari adimu linauzwa Sh5 milioni na gari la aina iliyozoeleka, lenye uwezo ule ule, Sh9 milioni. Tuseme safari moja ya sokoni inabakiza Sh60,000 baada ya mafuta na kibarua, na kwamba kwa mwaka una safari 100 za kufanya.

Gari lililozoeleka likiharibika, spea inapatikana leo na kesho unatembea. Tuseme linapoteza safari 5. Gari adimu likiharibika unasubiri spea wiki mbili, tatu, au mwezi. Tuseme linapoteza safari 40. Tofauti ni safari 35, sawa na Sh2.1 milioni. Ongeza kwamba spea ya kuagiza mbali au kuchongesha inazidi ile ya dukani kwa jumla ya Sh700,000 kwa mwaka. Jumla ni Sh2.8 milioni.

Ile Sh4 milioni uliyodhani umeokoa siku ya kununua, inakuwa imekutoka yote katika muda wa takriban miezi 17. Hapo sijahesabu matenga ya nyanya yaliyoozea barabarani, mteja aliyehamia kwa jirani, wala siku utakapotaka kuuza gari na kukosa mnunuzi. Nyanya haisubiri klachi.

Kwa hiyo kabla hujatoa fedha, jiulize maswali manne. Je, ndani ya mji wangu wa karibu kuna magari mangapi ya aina hii yanayofanya kazi? Je, kuna mafundi wawili wasiohusiana wanaolijua? Je, klachi, breki, plagi na gasketi ya kichwa zipo kwenye maduka mawili leo hii, na ni bei gani? Je, aliyekuwa nalo anauza kwa sababu ipi? Nenda dukani mwenyewe ukaulizie spea kabla ya kuulizia gari. Nauli ya siku moja itakuokoa mtaji wa miaka.

Na kama tayari unalo la miaka ya 70 lililolala nyuma ya nyumba, usikimbilie kuliuza kwa kilo kama chuma chakavu. Tunza kadi na kibao cha chesisi, lipige picha, uliza. Duniani wapo watu wanaotafuta magari ya namna hiyo kwa sababu yamebaki machache. Lakini hiyo ichukulie kama bahati. Usiingize bahati kwenye mpango wa biashara.

Ushirika na serikali wana sehemu yao

Mkulima mmoja hawezi kuondoa upweke wa gari lake. Ushirika unaweza. AMCOS yenye uwezo wa kununua magari matatu na inunue ya aina moja, si aina tatu kwa sababu kila mjumbe ana chaguo lake. Magari matatu ya aina moja yana fundi mmoja, stoo moja ya spea, na likifa moja kabisa linasaidia mengine mawili.

Kwa upande wa serikali, naona somo la Indonesia liko wazi. Chesisi na kichwa cha gari la kazi kisitozwe kodi kwa jicho lile lile linalotazama gari la starehe. Bodi itengenezwe hapa. Tuna mafundi wanaounda bodi za malori na mabasi kwa ustadi, tuna VETA inayotoa vijana wa kuchomelea kila mwaka, tuna SIDO. Kinachokosekana ni gari moja au mawili ya kazi yanayochaguliwa kwa makusudi, yaje kwa wingi na kukaa kwa miaka mingi, ili fundi ajue anajifunza nini na mwenye duka ajue analaza mtaji kwenye nini.

Wapo watakaosema sera kama hiyo inamnyima mnunuzi uhuru wa kuchagua. Sisemi mtu azuiwe kununua anachotaka. Nasema unafuu wa kodi uende kwenye gari ambalo likiharibika Tunduma linapona Tunduma. Na unafuu huo uwe na tarehe ya kupungua inayojulikana mapema, tusije tukawa Pony la Ugiriki, lililozoea mbeleko mpaka likasahau kutembea.

Mzee wa Ilula nilimpigia juzi. Nilimwambia aende Iringa mjini na jina la gari lake kwenye karatasi, aulizie klachi katika maduka matano. Alirudi jioni akasema, “Matatu walinicheka, mawili waliniuliza kama ni trekta.”

Hakulinunua. Ameungana na wenzake wawili wanatafuta gari dogo la mizigo la aina ile ile anayoitumia jirani yao, ili wote watatu na jirani wawe na fundi mmoja. Halina sifa yoyote ya kusimulia. Kila gereji ya barabara kuu wanalijua, na hiyo ndiyo sifa inayolipa ada.

La baba yangu bado liko pale Mbozi, juu ya mawe yake. Kila nikienda likizo nalipapasa boneti. Lilikuwa gari zuri. Halikuwa na mwenzake.

Naomba kutoa hoja.